Robo Saa ya Kuutazama Mkono

Muuguzi alinikunja shati hadi juu ya kiwiko, akaulaza mkono wangu juu ya mto mdogo, kiganja kikielekea dari. Akaupangusa kwa spiriti, akangoja ukauke wenyewe. Kisha akashika kalamu, akaandika tarakimu kuanzia karibu na kiwiko kuteremka hadi karibu na kifundo, kila moja ikiachana na mwenziwe kwa upana wa kidole gumba. Kando ya kila tarakimu akadondosha tone moja. Kwa macho, yote yalikuwa maji matupu.

"Umemeza dawa yoyote ya mafua wiki hii, mwanangu?"

"Sikumeza, mama."

"Hata Piriton?"

"Hata Piriton."

"Haya. Maana ukimeza, mkono wako utaninyamazia."

Mimi ni mtu wa Likoni, Mombasa, na kwa miaka mingi siku yangu ilianza kwa chafya. Saba, nane, kumi mfululizo, kabla sijatia mguu chini. Makamasi maji matupu, macho yanawasha, homa hakuna. Kila mtu alikuwa na mshitakiwa wake. Jirani alisema ni upepo wa kusi. Rafiki yangu wa Changamwe alisema ni moshi wa malori, kwa kuwa yeye malori ndiyo anayoamka nayo. Shangazi yangu wa Kisauni alisema ni baridi ya alfajiri, nivae fulana. Mimi nilinunua dawa za kuua bakteria dukani, nikazimeza bila faida, kwani hapakuwa na bakteria wa kuuawa. Yalikuwa mafua ya mzio, na mzio hauna haja ya ushauri wa majirani. Unataka kuulizwa wenyewe, kwa ngozi.

Karibu kila tone mkononi mwangu lilibeba kitu kimoja kinachoshukiwa kuleta mzio. Nilipoulizwa, niliona ufundi. Muuguzi alichukua kisindano kifupi, akakipitisha ndani ya tone la kwanza, akakibonyeza kidogo mno, akakitoa, akakitupa. Kisindano kipya kwa tone la pili. Kipya tena kwa la tatu. Nilimuuliza kwa nini asitumie kimoja, akasema kimoja kingebeba cha huku kukipeleka kule, na kesho asijue alichokisoma. Hakuna tone lililotoa damu. Akichoma sana, ngozi huvimba kwa kuumizwa tu, na kipimo kikaharibika. Akichoma kidogo kupita kiasi, dawa haiingii. Kati ya hizo mbili kuna nafasi isiyofika hata milimita, na mkono wake uliipata kila mara, huku akiniuliza habari za foleni ya feri.

Lakini kilichonikaa zaidi moyoni ni matone mawili yasiyohusu ugonjwa wowote. Moja lilikuwa maji ya chumvi. La pili lilikuwa histamini, kemikali ileile ambayo mwili wenyewe huimwaga mzio unapoamka. La chumvi halipaswi kuvimba. Likivimba, ngozi hii inavimbia kila kitu, usiiamini. La histamini lazima livimbe. Lisipovimba, kuna dawa imeizima ngozi, na ukimya wake hauna maana. Yaani kabla kipimo hakijamhukumu mgonjwa, kinajihukumu chenyewe. Nimeona watu wengi wenye vyeo vikubwa wasioweza jambo hilo.

Kisha tukangoja robo saa. Nikakatazwa kujikuna.

Daktari Charles Blackley wa Manchester, Uingereza, alingoja hivyohivyo juu ya mkono wake mwenyewe. Alikuwa mgonjwa wa mafua ya kiangazi, akaikwaruza ngozi yake na kuipaka chavua ya nyasi, akatazama ikivimba. Alirusha hata tiara zenye vioo vya kunata ili ajue chavua inapaa umbali gani hewani. Kitabu chake kilitoka 1873, miaka 33 kabla ya Clemens von Pirquet kulibuni neno ambalo sisi tunalitamka aleji. Kila nikiona watoto wanarusha tiara ufukweni namkumbuka mzee yule, na kamba yake, na pua yake inayochuruzika.

Muda ulipotimia, la chumvi lilikuwa bapa. La histamini lilikuwa limeumuka kama mahali alipouma mbu. Na tarakimu ya nne ilikuwa imeumuka kulipita, ikiwa na wekundu pembeni. Muuguzi aliuzungushia uvimbe wino kwa kalamu nyembamba, akabandika utepe wa kunata juu yake, akaubandua na kuugandisha kwenye faili. Ule mchoro wa ngozi yangu ukahamia kwenye karatasi. Akaupima kwa rula upana mrefu, kisha upana unaoukata, akagawanya kwa mbili. Uvimbe ukizidi ule wa chumvi kwa milimita 3 au zaidi, unahesabiwa. Wangu uliuzidi kwa milimita 7.

Tarakimu ya nne ilikuwa utitiri wa vumbi. Mdudu huyu ana urefu wa theluthi moja ya milimita, anakula magamba ya ngozi yetu, na hanywi maji: anayafyonza kutoka kwenye hewa yenye unyevu. Kwa hiyo pwani yetu ni pepo yake. Anakaa kwenye mito na magodoro, na kinachotupigisha chafya hasa ni kinyesi chake. Mimi nalalia godoro la sufi nililorithi kwa bibi yangu.

"Sasa usikimbie na jibu," muuguzi akaniambia. "Wako watu wanavimba mkono na pua zao salama. Kwako chafya za asubuhi na uvimbe huu vinasema neno moja, ndiyo maana nauamini."

Uangalifu huohuo, uliozidishwa mara mamia kwa mamia, ulitumika kwenye visiwa vya Koome, Ziwa Viktoria, na watafiti wa Entebbe, Uganda. Kulikuwa na dhana kwamba minyoo hutuliza kinga ya mwili, hivyo kuifukuza kungeamsha mzio. Vijiji 26 vya wavuvi viligawanywa kwa kura: vingine vikapewa dawa za minyoo kwa kawaida, vingine kila miezi mitatu kwa nguvu zaidi. Baada ya miaka mitatu mikono ikachomwa na kupimwa. Kichocho kilikuwa kimepungua palipotolewa dawa nyingi, lakini mzio haukuonyesha tofauti. Walichapisha hivyo hivyo, 2019. Kuchoma mikono ya watu kisiwani, tone baada ya tone, kisha kuandika kwa unyofu kwamba ulichokitarajia hukukiona: kwangu huo ndio ufundi wenyewe.

Dawa niliyopewa ilikuwa ya kupuliza puani, na hiyo nayo ina mkono wake. Muuguzi alinionyesha mara tatu. Kichwa kiiname kidogo. Mkono wa kulia kwa tundu la kushoto, wa kushoto kwa la kulia, ili mdomo wa chupa uelekee upande wa sikio na usiupige ukuta wa katikati ya pua, ukatoka damu. Usivute kwa nguvu. Usichoke siku ya tatu, kwani huchukua siku kadhaa, hata wiki mbili, kushika barabara. Nilipokosea akanirudisha mwanzo bila kukunja uso, na nje foleni ilikuwa imefika mlangoni.

Kwenye feri, jua likizama, uvimbe ulikuwa umeshuka. Zilibaki tarakimu za wino na duara moja. Asubuhi yake mimi na mke wangu tulilitoa godoro la bibi uani, kila mmoja ameshika ncha mbili, tukalianika.