Admirali aliyehesabu nyama kwa moshi

Kisa cha Rubens mnakijua, sitakisimulia upya. Meli ya Kijerumani iliyojifanya ya Kidenmaki, jina la bandia Kronborg, ikipeleka silaha kwa jeshi la Wajerumani Afrika Mashariki, nahodha Carl Christiansen, tarehe 14 Aprili 1915, Ghuba ya Manza, kusini kidogo ya Vanga yetu. Ninalotaka kulichambua ni ile saa moja ambapo Admirali King-Hall wa Uingereza, ndani ya manowari Hyacinth, aliona kazi imekwisha akaondoka. Haikuwa imekwisha. Ni kosa la wazi, na nashangaa bado wapo wanaomtetea.

Alichokiona ni sitaha inayowaka na moshi mzito unaopaa. Christiansen alikuwa ameshaipandisha meli kwenye maji machache, akafungulia bahari iingie hadi kwenye shehena, kisha akazitia moto mbao za juu. Mabaharia wa Hyacinth wakatumwa kwa mashua, moto ukawashinda, wakarudi. Hyacinth ikapiga mizinga, ikageuza.

Mzee yeyote wa gobori huku Msambweni angemcheka. Ukishaimimina baruti, ukaishindilia kwa mdeki, ukatia marisau na fataki, ukafyatua, moshi hutanda mbele ya uso wako na kulungu humwoni tena. Mwindaji husogea pembeni, hungoja upepo, halafu huenda kutazama damu majanini. Hahesabu nyama kwa moshi. Admirali alihesabu.

Watetezi wake husema injini moja ya Hyacinth iligoma katikati ya msako. Iligoma, kweli, na ndiyo iliyompa Christiansen nafasi ya kuingia ghubani. Haihusiani na kuondoka. Mtu aliyemvizia mwenzake baharini, akijua kabisa anakuja na nini, anaondokaje bila kuifungua ngama?

Na hapa niseme jambo ambalo nimelirudia mara nyingi. Asiyetofautisha risasi na baruti asituandikie habari za bunduki. Risasi ni kile kinachoruka. Baruti huisukuma, fataki huiwasha baruti, ganda limebeba zote. Anayeita mkusanyo wote “risasi” hawezi kuliona kosa la Manza, kwa sababu maji ya chumvi hayaviharibu vyote sawasawa. Baruti nyeusi ina shura ndani yake. Ikilowa shura inayeyuka, na ukiianika unabakiwa na makaa na kiberiti. Baruti mpya isiyo na moshi, ile ya bunduki za 1898, haiyeyuki majini. Ikikauka inawaka. Na Rubens ilibeba mamilioni ya hizo mpya. Kwa hiyo meli iliyozama nusu kwenye maji ya kina kifupi ilikuwa ghala, tena ghala lisiloweza kulipuka.

Wakumbuke waliokuwa wakizisubiri. Vita vilipoanza, sehemu kubwa ya askari wa Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani Afrika Mashariki, walibeba bunduki ya mwaka 1871: tundu la milimita 11, mwanamume huipakia moja moja, na kila akifyatua wingu jeupe linamwambia adui alipo. Walipigana hivyo Tanga, Novemba 1914. King-Hall alidanganywa na moshi, na kwa kudanganyika akawaondolea askari hao moshi.

Wapiga mbizi wakaitoa shehena. Mjini Moshi (jina nalo!) watu walifanya kazi kwa miezi wakifungua ganda moja moja, wakisafisha baruti, wakibadilisha fataki zilizokufa. Fungu ambalo kama ganda moja kati ya matano liligoma lilikwenda vitani, lililogoma zaidi likawa la mazoezi, na zile nzima za akiba ya zamani zikawekewa bombomu. Kazi safi.

Sasa linganisha na mwaka 1895. Admirali Rawson, Mwingereza pia, simpendi, na hapa Kwale sioni sababu ya kumpenda. Lakini alipotaka kuivunja ngome ya Mwele aliwashusha watu wake melini, wakapanda vilima kwa miguu, na tarehe 17 Agosti wakaingia ndani. Hakuridhika na kuchungulia kwa darubini kutoka baharini. Na hata hivyo Mbaruk bin Rashid wa Gazi, mwenye ngome hiyo aliyewaasi Waingereza, alimpita akili: ngome ilianguka, mwenyewe hayumo, akaendelea kuwasumbua msituni mpaka Aprili 1896 alipovuka kwenda kwa Wajerumani. Huyo ndiye aliyejua boma likifuka si lazima mwenyewe amekufa.

Jeshi la majini lilelile, pwani ileile, miaka 20 baadaye. King-Hall hakuhitaji kupanda kilima chochote. Alihitaji mashua moja tu, kesho yake asubuhi, moto ukishapoa.