Adili na Nduguze: Ubora na Upungufu Wake kwa Msomaji wa Mara

Riwaya ya Adili na Nduguze, iliyotolewa mwaka 1952, ni miongoni mwa kazi mashuhuri za Shaaban Robert (1909–1962). Ni hadithi ya mahaba na maajabu: mna majini, mji uliogeuka mawe na wanadamu waliogeuzwa manyani. Mwalimu wa Tarime au Mugumu anapoifungua mbele ya darasa, huenda akaulizwa: majini wa nchi isiyo na ramani watatufaa nini sisi wana wa wafugaji na wakulima?

Swali hilo ni la haki, na jibu lake laanzia kwenye urithi. Adili na nduguze, Hasidi na Mwivu, wanagawana mali ya marehemu baba yao. Wawili wanaitapanya yao. Adili anawapokea na kugawana nao tena alicho nacho. Jambo hili halihitaji kufasiriwa katika wilaya za Tarime na Serengeti. Kwa Wakurya na jirani zao, ng'ombe wa baba ndio mahari ya wana, na aliyetangulia kuoa hulipunguza zizi la anayemfuata. Kijicho cha ndugu wanakifahamu.

Ubora mkubwa zaidi umo katika adhabu. Hasidi na Mwivu, kwa kumtamani Mwelekevu, binti ambaye Adili alimkuta katika mji wa mawe, wanamtosa ndugu yao baharini. Huria, jini aliyepata kuokolewa na Adili, anamnusuru, anawageuza wakosaji manyani na kumwamuru Adili awapige kila usiku. Adili hupiga, kisha hulia na kuwalisha. Mwanafunzi wa Serengeti anamjua nyani mharibifu wa mahindi, naye humfukuza bila majuto. Nyani wa riwaya hii hafukuziki hivyo, kwani ni ndugu. Hapa maajabu yameonyesha ukweli ambao maonyo matupu yasingeuonyesha.

Asili ya kisa hiki ni Alfu Lela Ulela, ambamo ndugu waligeuzwa mbwa na mwisho wao ni mauti. Shaaban Robert hakunakili tu: mahali pa kisasi ameweka toba.

Hata hivyo, upungufu upo. Majina yamewahukumu wahusika kabla hawajatenda: Hasidi hana budi kuhusudu. Kwa hiyo hatuoni kijicho kikizaliwa na kukua moyoni. Mahaba nayo ni dhaifu. Wanaume watatu wanamtaka Mwelekevu, lakini mwandishi anatueleza wema wake kuliko hiari yake. Amekuwa kama tuzo ya mtu mwema. Mahali ambapo posa huzungumzwa kwa hesabu ya ng'ombe, msichana wa sekondari hapaswi kuupita udhaifu huu kimya. Tena, haki yote hutoka kwa jini na mfalme. Huria anaadhibu, na kwa ombi la Mfalme Rai anasamehe. Watu wa kawaida hawana kauli.

Mwalimu asiifiche kasoro hii, bali aifanye somo. Wanafunzi na wakae kama baraza la wazee, wamsikilize Hasidi, wamsikilize Adili, wampe na Mwelekevu nafasi ya kusema. Kisha waamue wenyewe fidia na namna ya kuwapatanisha ndugu hao.