Anwani, Poti na Saa Kamili

Seva ikishaunganishwa na intaneti haichukui muda kabla haijabishiwa hodi. Anwani za IP za toleo la nne ni takriban bilioni 4.3, na tangu watafiti wa Chuo Kikuu cha Michigan watoe programu ya ZMap mwaka 2013, mashine moja yenye laini nzuri inaweza kuzipitia zote, kwenye poti moja, kwa muda usiofika saa nzima. Kwa hiyo hakuna seva iliyo ndogo mno hata isionekane. Ya shule, ya duka la vipuri, ya hospitali ya wilaya, zote hufikiwa. Roboti hujaribu jina la admin, kisha root, kisha test, pamoja na nywila ambazo wenyewe hawajawahi kuzibadilisha tangu kifaa kitolewe kwenye boksi.

Wasimamizi wengi wa mifumo huishia kwenye kuzuia. Programu kama Fail2ban husoma kumbukumbu za seva, ikiona anwani moja imekosea nywila mara kadhaa ndani ya dakika chache huifungia nje. Ni jambo jema, ila anayezuia kajilinda peke yake, na mashine iliyomvamia inahamia kwa jirani. Ninaowavulia kofia ni wale wanaokwenda mbele zaidi, wakaifuatilia anwani ile mpaka kwa mwenyewe na kumwandikia.

Kumbukumbu yenyewe ni mstari mmoja mkavu. Tarehe, saa, jina lililojaribiwa, anwani, tuseme 203.0.113.45, kisha namba ya poti aliyotokea mgeni, tuseme 51822. Anwani hiyo nimeichagua makusudi: imo katika fungu lililotengwa rasmi kwa ajili ya mifano, hivyo simsingizii mtu. Fundi hodari haupiti mstari huo mbiombio. Kwanza anajiuliza kama anwani ni ya kweli. Katika itifaki ya UDP mtu anaweza kutuma pakiti zenye anwani ya kughushi, asiyehusika akaonekana ndiye mshambuliaji. Kwa SSH, njia ya kuingia kwenye seva kutoka mbali, mambo ni tofauti, kwa sababu inapita kwenye itifaki ya TCP: muunganisho haukamiliki mpaka jibu la seva lifike kwenye anwani ile na mwenye kuipokea ajibu tena. Aliyefika hatua ya kuulizwa nywila alikuwa pale kweli, au alipitia pale.

Halafu kuna saa, na hapa ndipo ripoti nyingi huharibika. Chukua msimamizi wa Dar es Salaam aliyeamshwa na ujumbe wa tahadhari saa nane na dakika kumi na nne, usiku wa kuamkia Jumanne. Simu yake inaonyesha 02:14. Seva yake, iliyowekwa UTC, saa ya pamoja ya dunia, kama seva nyingi, imeandika 23:14, tena ya Jumatatu. Akiandika "saa nane usiku wa Jumanne" kwa mtu aliyeko Amsterdam au São Paulo, huyo ataenda kutafuta kwenye saa isiyo yenyewe na siku isiyo yenyewe, hataona kitu, na atalifunga faili. Wenye uzoefu hunakili saa ya seva mpaka sekunde, hutaja UTC waziwazi, na huhakikisha saa ya seva inaoanishwa kila mara kwa NTP.

Poti nayo wengi huiacha nje, wakati kwa mitandao ya simu ndiyo yenye uzito kuliko yote. Anwani za toleo la nne zimekuwa adimu, kwa hiyo kampuni za simu huwaweka wateja wengi nyuma ya anwani moja. Ukiipelekea kampuni anwani peke yake, umeitajia umati. Ukiipa anwani, poti na sekunde, inaweza kumpata mteja mmoja. RFC 6302, mwongozo wa mwaka 2011, unawataka wenye seva watunze vitu hivyo vyote vitatu.

Uangalifu huu una historia. Mwaka 1986, katika Maabara ya Lawrence Berkeley kule California, mwanaastronomia Clifford Stoll alipewa kazi ya kutafuta upungufu wa senti 75 katika hesabu za matumizi ya kompyuta. Nyuma ya senti hizo kulikuwa na mvamizi. Stoll hakukimbilia kumfungia. Aliunganisha printa kwenye laini zilizoingia maabara, kila herufi aliyoandika mgeni ikachapwa kwenye karatasi, naye akawa anaandika kila kitu kwenye daftari. Mwenzake mmoja akagundua kwamba mgeni, akitaka kuona programu zinazoendelea, huongeza kwenye amri herufi f isiyohitajika katika Unix ya Berkeley. Ni mazoea ya mtu aliyejifunzia Unix ya AT&T, kwa hiyo hakuwa mtu wa pale. Herufi moja! Njia iliishia Hannover, Ujerumani, kwa Markus Hess, aliyekuwa akiuza alichokipata kwa KGB, idara ya ujasusi ya Kisovieti.

Siku hizi wa kuandikiwa anapatikana kwa urahisi. Rejesta za kanda, kama AFRINIC iliyoko Mauritius kwa Afrika, huonyesha fungu la anwani ni la nani, na tangu RFC 2142 ya mwaka 1997 kila mtoa huduma anatarajiwa kuwa na sanduku la barua pepe linaloanza na abuse. Ugumu uko kwenye lugha ya barua. Mwenye mashine iliyokushambulia mara nyingi ni mhanga kama wewe. Kirusi cha Mirai, kilichosaidia kuiangusha huduma ya majina ya tovuti ya Dyn tarehe 21 Oktoba 2016, kiliishi ndani ya kamera za ulinzi na ruta za watu wasiojua lolote. Barua ninayoiheshimu husomeka hivi: "Tarehe 9 Machi, kati ya 23:14:07 na 23:31:40 UTC, mashine yenye anwani hii ilijaribu kuingia kwenye seva yetu kwa SSH. Huenda imeambukizwa. Kumbukumbu zimeambatishwa." Haina tusi wala tishio. Haisemi mshambuliaji ni raia wa nchi fulani, maana anwani haina uraia wa mtu.

Waungwana wanaoandika barua kama hiyo hupeleka pia walichokiona kwenye hazina za pamoja kama DShield, aliyoianzisha Johannes Ullrich mwaka 2000, ambako taarifa za wengi zikikutana huonyesha wimbi ambalo mmoja asingeliona. Na wakijibiwa kwamba mashine imesafishwa, huiondoa kwenye orodha zao siku hiyohiyo. Hilo nalipima juu kuliko kuzuia kwenyewe, maana anwani hubadilisha wenyewe, na mpangaji mpya hana kosa.

Basi ombi langu ni kwa wanaoendesha mitandao. Lile sanduku la abuse lifungueni, mpeni mtu mmoja jukumu la kulisoma kila asubuhi, na mpeni ruhusa ya kumpigia simu mteja ambaye kamera yake imetekwa. Mkishamaliza, mjibuni aliyeandika.