Kinga Inapodhuru: Istilahi za Seli B katika Maradhi ya Lupasi

Katika lugha yetu neno kinga halina ubaya. Twasema kinga ni bora kuliko tiba, na chanjo twaiita kinga. Wema huo wa neno ndio unaowapotosha wafasiri waandikapo habari za lupasi, maradhi ambayo kinga yenyewe ndiyo inayodhuru.

Tuanze na jina la jumla. Kuita lupasi "ugonjwa wa kinga" bila maelezo zaidi ni hatari. Tangu UKIMWI upewe jina lake, yaani Upungufu wa Kinga Mwilini, asikiaye maneno hayo hudhani kinga imepungua. Mgonjwa wa lupasi akielewa hivyo atatafuta dawa za kuongeza kinga, na huenda akaziacha zile za daktari, ambazo kazi yake ni kuituliza. Kosa la namna hii si la kalamu tu. Laweza kumgharimu mtu figo zake. Afadhali tuseme "ugonjwa wa kinga kushambulia mwili".

Pili, seli B. Wako wanaozieleza kuwa ni "askari walioasi". Taswira hiyo yapendeza, lakini haisemi kweli. Seli B haziasi. Hufanya kazi yao ya kawaida ya kuzaa kingamwili, ila zimekosea shabaha. Katika lupasi kingamwili hizo hulenga vitu vilivyomo ndani ya viini vya seli, hata DNA. Zikinasana navyo hutuama katika figo na kuzusha uvimbe. Zaidi ya hayo, seli B huzionyesha seli T shabaha hiyo hiyo na kuzichochea.

Dawa nazo zaikataa taswira ya uasi. Belimumab, iliyoidhinishwa Marekani mwaka 2011, huzuia protini inayozihifadhi hai seli B. Huzinyima riziki, haipigani nazo. Mwaka 2022 madaktari wa Erlangen, Ujerumani, walitoa taarifa ya wagonjwa 5 waliotiwa seli T zao wenyewe zilizorekebishwa ili ziziangamize seli B. Ugonjwa ulitulia. Baadaye seli B mpya zilizaliwa, na katika muda waliochunguzwa ugonjwa haukurudi. Basi ubaya hauko katika aina ya seli, bali katika shabaha iliyojifunza.

Herufi B nayo isifasiriwe. Wengi hudhani yatokana na uboho, kwa kuwa ndimo seli hizo zinamokulia kwa binadamu. Asili yake ni bursa ya Fabricius, kiungo cha ndege. Atakayeandika "seli za uboho" atazichanganya na seli nyingine nyingi zizaliwazo humo.

Limebaki jina la kingamwili zinazolenga mwili wenyewe. "Kingamwili haribifu" hatulikubali, kwani hata watu wenye afya njema huweza kuwa nazo. "Kingamwili nafsi" laleta fikra za roho. Twapendekeza "kingamwili dhidi ya mwili". Ni refu kuliko tulivyopenda, na maneno yake yaonekana kupingana. Lakini mpingano huo ndio ugonjwa wenyewe. Wahenga walikwisha kulijua jambo hili waliposema kikulacho ki nguoni mwako. Walimu na wafasiri walipime jina hili mbele ya wasomaji wao, na waliokwisha kupata lililo fupi na la kweli zaidi watuletee.