Shairi Limepitia Mikono ya Nani? Nasaba ya Miswada na Uhakiki wa Ushairi Mkongwe

Utangulizi

Ndugu mwalimu, nawe mtahiniwa, unapokabidhiwa shairi kongwe ulihakiki, aghalabu swali la kwanza unalojiuliza ni: nani mtunzi? La pili ni: anasema nini, na kwa mbinu zipi? Makala haya yananuia kukushawishi uongeze swali la tatu ambalo miongozo yetu mingi haina: shairi hili limepitia mikono ya nani hadi likanifikia mimi?

Swali hili si la wanahistoria pekee. Lina athari ya moja kwa moja kwa majibu tunayoyatoa darasani na katika chumba cha mtihani. Mara nyingi tunamsifu mtunzi kwa jambo lililofanywa na mnakili, au tunamtia makosani kwa jambo lililofanywa na mhariri miaka mia moja baada ya mtunzi kufariki. Hoja yangu ni kwamba uhakiki wa ushairi mkongwe hauwezi kuwa wa haki bila kuzingatia nasaba ya mswada, yaani orodha ya watu walioumiliki, walioukumbuka, walioukariri, waliounakili na waliouchapisha.

Funzo kutoka kwa wakusanyaji wa katuni

Kabla ya kuja pwani, hebu tutazame watu ambao swali hili kwao ni la pesa. Nchini Marekani kuna wakusanyaji wa vitabu vikongwe vya katuni. Toleo la kwanza la Action Comics, ambamo Superman alijitokeza kwa mara ya kwanza, lilitoka mwaka 1938 na kuuzwa kwa senti 10. Nakala moja iliyokuwa ya mwigizaji Nicolas Cage iliibwa nyumbani kwake mwaka 2000, ikapatikana mwaka 2011 katika ghala la kukodisha huko California, na mwaka huo huo ikauzwa kwa zaidi ya dola milioni 2.

Mnunuzi wa kitu cha bei hiyo hatosheki na kuona jalada. Huuliza: nani alikinunua kwanza? Kilihifadhiwa wapi? Kuna kurasa zilizogundishwa au kupakwa rangi upya? Mwaka 1977 mfanyabiashara Chuck Rozanski alinunua huko Colorado maelfu ya vitabu vilivyokuwa vimekusanywa na mtu mmoja, Edgar Church. Hadi leo kitabu kinachothibitishwa kuwa kilitoka kwa Church huuzwa ghali kuliko kingine cha toleo lilo hilo, kwa sababu nasaba yake inajulikana na hali yake inaaminika. Kwa upande wa pili, nakala iliyokarabatiwa kisirisiri hushuka thamani hata kama inapendeza macho.

Je, kama kitabu cha senti 10 kinaulizwa maswali haya yote, mbona tungo za karne ya 18 na ya 19 tunazipokea bila kuuliza chochote? Isitoshe, swali lenyewe si geni kwetu. Wanachuoni wa pwani wanaosoma Hadithi za Mtume wamelijua tangu zamani kwa jina la isnadi: fulani alisikia kwa fulani, naye kwa fulani. Tunachohitaji ni kuuleta utaratibu huo katika somo la ushairi.

Muyaka na mikono iliyomleta kwetu

Chukua mfano wa Muyaka bin Haji wa Mombasa. Alifariki takriban mwaka 1840. Tungo zake hazikutoka mkononi mwake moja kwa moja hadi kwenye kiwanda cha kuchapisha vitabu. Zilibaki kwanza katika kumbukumbu za wenyeji wa Mvita, watu waliozikariri kwa kuwa ziligusa siasa zao, mapenzi yao na malumbano yao na Lamu na Unguja.

Zaidi ya miaka 40 baadaye, Mwalimu Sikujua bin Abdallah, mwanachuoni na mshairi wa Mombasa aliyefariki mwaka 1890, alizikusanya. Alifanya kazi hiyo akishirikiana na mmishenari Mwingereza, William Taylor. Baada ya Taylor kufariki mwaka 1927, karatasi zake zilihifadhiwa London, katika chuo kinachojulikana kama SOAS. Kutokana na kazi hiyo William Hichens alihariri Diwani ya Muyaka, iliyochapishwa Johannesburg mwaka 1940. Mwaka 1979 Profesa Mohamed Abdulaziz akatoa kitabu chake kuhusu Muyaka hapa Nairobi, na kutoka katika vitabu hivi viwili mashairi yakaingia katika diwani za shule na karatasi za mtihani.

Hesabu mikono hiyo: wakariri wa Mvita, Sikujua, Taylor, Hichens, Abdulaziz, kisha mkusanyaji wa diwani ya shule. Mwanafunzi anapoandika kwamba "mshairi ametumia kichwa kinachooana na maudhui," hana budi kujiuliza kwanza ni nani kati ya hao aliyekiweka kichwa hicho. Anapoandika kwamba shairi lina beti mbili tu kwa sababu Muyaka alipenda ufupi, ajiulize pia kama kumbukumbu za wakariri zilihifadhi beti zote. Huenda jibu lake likabaki sahihi. Tofauti ni kwamba sasa litakuwa jibu lililopimwa.

Ipo pia dhuluma ndogo hapa. Jina la Taylor na la Hichens hutajwa katika vitabu vingi. Jina la Sikujua, ambaye bila yeye tungo nyingi zingezikwa pamoja na wazee waliozijua, wanafunzi wetu wengi hawajapata kulisikia. Nasaba ya mswada humrudishia kila mtu haki yake.

Hati ya Kiarabu na uhuru wa mshairi

Sasa tuje kwenye eneo linalowapotezea watahiniwa alama: uhuru wa mshairi. Tungo kongwe ziliandikwa kwa hati ya Kiarabu, ambayo kwa asili haina herufi za baadhi ya sauti za Kiswahili. Waandishi wengi wa zamani walitumia herufi moja kwa sauti /b/ na /p/, na herufi moja kwa sauti /f/ na /v/. Sauti /nd/ nayo mara nyingi iliandikwa kwa herufi ya /d/ peke yake. Kwa hivyo neno moja katika mswada laweza kusomwa "panda" au "banda". Jingine laweza kuwa "fua" au "vua". Anayeligeuza shairi kuwa la hati ya Kirumi ndiye anayeamua kama mhusika yuko kisimani na nguo au baharini na nyavu. Aghalabu muktadha humwongoza vizuri. Muktadha usipotosha, tunachokisoma ni uamuzi wa mhariri.

Suala la pili ni lahaja. Mtunzi wa Lamu husema "moya" pale Kiswahili sanifu kinaposema "moja". Mtunzi wa Mombasa au wa Lamu husema "ndia" kwa "njia" na "mato" kwa "macho". Hapa hutokea makosa ya aina mbili.

Kosa la kwanza ni la mwanafunzi. Hukuta "ndia" katika shairi kongwe, akaandika kwamba mshairi ametumia tabdila, yaani amebadilisha "njia" kuwa "ndia" ili apate urari wa vina. Sivyo. Mtunzi hakubadilisha chochote. Hivyo ndivyo alivyozungumza na mamake, na ndivyo walivyozungumza majirani zake. Jibu lililo bora ni kutaja kwamba hayo ni matumizi ya lahaja na, ikiwezekana, kuitaja lahaja yenyewe.

Kosa la pili ni la mhariri. Tuseme mtunzi wa Lamu alitunga ubeti wenye kina cha mwisho -ya, akatia "moya" pamoja na "haya" na "mbaya". Mhariri mwenye nia njema ya kuwasaidia wasomaji wa bara akasanifisha "moya" kuwa "moja". Kina kimevunjika. Baada ya miaka mingi mtahiniwa anaandika kwamba mshairi ameshindwa kuzingatia urari wa vina katika ubeti huo, na mwalimu anamwekea alama ya vyema. Mtunzi, ambaye hakukosea, hana wa kumtetea. Hiyo ndiyo nakala iliyokarabatiwa kisirisiri niliyoitaja hapo awali: inasomeka kwa urahisi, lakini si kile kilichotungwa.

Mwana Kupona: jina lilitoka wapi?

Mfano mwingine ni Utendi wa Mwana Kupona, uliotungwa mwaka 1858. Mmiliki wake wa kwanza alikuwa msichana mmoja: Mwana Hashima, binti wa mtunzi, aliyetungiwa utendi huo kama wosia. Ulikuwa mali ya nyumbani kabla ya kuwa mali ya maktaba. Ukaenea miongoni mwa wanawake wa pwani ya kaskazini, ukanakiliwa na kukaririwa, hadi ulipowafikia wasomi kutoka Ulaya. Alice Werner aliuchapisha mwaka 1917, kisha yeye na Hichens wakautoa tena mwaka 1934.

Toleo hilo la 1934 lilipewa jina la Kiingereza lililosisitiza wajibu wa mke kwa mumewe. Jina hilo ni la wachapishaji; Mwana Kupona hakuliweka. Hata hivyo limeathiri pakubwa namna tunavyoufundisha utendi huu. Wengi wetu tunauingia tukiwa tayari na nadharia ya ufeministi mkononi, tukitafuta beti za utiifu kwa mume, na tunazipata. Tunasahau kwamba utendi wenyewe una mambo mengi zaidi: dini, adabu mbele za watu, kumbukumbu za mtunzi kuhusu ndoa yake mwenyewe, na dua ndefu ya mama mgonjwa anayewaombea watoto wake. Sisemi kwamba uhakiki wa kifeministi haufai. Nasema kwamba mhakiki anapaswa kujua ni nani aliyemwelekeza kidole upande mmoja kabla hajaanza kusoma.

Hapa pia yupo mtu aliyesahaulika. Muhamadi Kijuma wa Lamu, aliyefariki mwaka 1945, alikuwa mnakili mwenye hati ya kupendeza, mchonga milango na mwanamuziki. Ndiye aliyewanakilia Werner, Hichens na Mjerumani Ernst Dammann tendi nyingi, na baadhi ya kazi za mikono yake ziko London na Berlin hadi leo. Gudrun Miehe na Clarissa Vierke walitoa kitabu juu yake mwaka 2010. Kijuma alikuwa mshairi pia. Mnakili mshairi si mashine: ana sikio lake na ladha yake. Kwa hivyo tunapostaajabia ufundi wa utendi uliopitia kwake, tukumbuke kwamba huenda tunasikia sauti mbili.

Pingamizi na jibu lake

Mwalimu mmoja aweza kusema: "Mtahiniwa ana saa chache tu na shairi liko mbele yake. Ajibu kilichoandikwa, habari za London na Berlin zamhusu nini?" Hoja hii ina uzito. Mtihani hujibiwa kwa kutegemea shairi lilivyochapwa, na sishauri mwanafunzi ajaze ukurasa kwa historia ambayo hakuulizwa.

Lakini hata anayefuata nadharia ya umuundo, anayedai kwamba matini yajitosheleza, hana budi kujua ni matini ipi anayoishika. Akichambua kina kilichovunjwa na mhariri, ameuchambua muundo wa mhariri. Fauka ya hayo, mwanafunzi aliyezoezwa kuuliza swali hili huwa mwangalifu zaidi katika lugha yake. Hukimbilii kuandika "mshairi amekosea". Huandika "katika toleo hili, kina cha ubeti wa tatu hakioani na vingine". Sentensi hiyo ya pili ina ushahidi, nayo haimdhulumu mtu.

Ya kufanya darasani

Unapofundisha shairi lolote lililotungwa kabla ya karne ya 20, nakupendekezea maswali manne, ambayo kwayo dakika kumi zatosha. Kwanza, kuna umbali wa miaka mingapi kati ya kutungwa na kuandikwa, na kati ya kuandikwa na kuchapishwa? Pili, ni lahaja gani ya mtunzi, na ni lahaja gani iliyo katika kitabu chetu? Tatu, kichwa, mpangilio wa beti na maelezo ya pembeni yaliwekwa na nani? Nne, kuna toleo jingine tunaloweza kulilinganisha na hili? Siku hizi swali la nne si gumu kama zamani, kwa kuwa SOAS imeweka nakala za baadhi ya miswada kwenye intaneti, na shule yenye kompyuta moja yaweza kuwaonyesha wanafunzi mwandiko wenyewe.

Kwa walimu walioko Lamu, Mombasa na miji mingine ya pwani, nina ombi la ziada. Huenda katika jamii za wanafunzi wenu kuna daftari la nyanya au sanduku la vyuo vya babu. Msiwahimize kuviuza wala kuvitoa nje ya nyumba. Wafundisheni kuandika jina la aliyevinakili, aliyevirithi na mwaka, kabla ya mchwa na unyevu kumaliza kazi yao. Mswada uliopoteza majina ya wenyewe bado husomeka, lakini maswali mengi tuliyoyataja hapa hauwezi tena kuyajibu, na wahakiki watakaokuja baada yetu watabaki wakikisia.