Baba Aliyejipunguza

Wazee wetu husema: Wapiganapo tembo, nyasi huumia. Mtoto wa wazazi walioachana analijua neno hili bila kufundishwa. Basi leo tuitazame sinema moja ya Marekani, Ant-Man, iliyoongozwa na Peyton Reed mwaka 2015. Wengi wameicheka tu. Mimi naona mna fundisho ndani yake, na kasoro pia.

Scott Lang anatoka gerezani. Mkewe Maggie amekwisha kuachana naye, tena amechumbiwa na polisi aitwaye Paxton. Scott anafika kwenye sikukuu ya kuzaliwa kwa binti yao Cassie, mikononi ana sungura wa kuchezea mwenye sura ya kutisha. Mtu mzima angemficha kabatini. Cassie anampenda papo hapo, kwa ubaya wake ule ule. Ndivyo anavyompenda na baba: aliyefungwa, asiye na kazi wala nyumba, bado ni baba.

Baadaye Scott anapata vazi la ajabu linalomfanya awe mdogo kama sisimizi. Vita yake kubwa na adui inapiganwa chumbani mwa Cassie, juu ya treni ya kuchezea. Ukitazama kwa karibu, treni inakuja kwa kishindo. Ukitazama kwa mbali, ni kitu kidogo kinachoanguka relini. Watu hucheka. Hiyo ni dhihaka kwa mashujaa wabomoao miji. Lakini yatugusa na sisi wazazi. Ugomvi wetu twauona mkubwa kama dunia, kumbe uwanja wake ni chumba cha mtoto! Na Scott hamwokoi bintiye kwa kujikuza, bali kwa kujipunguza kupita kiasi, hata kama hatarudi tena.

Kasoro ni hii. Usiku mmoja, kitandani, Cassie anamwuliza mama yake kama baba ni mtu mbaya, kwa maana amewasikia wakubwa wakisema hivyo. Hapo ndipo penye kidonda. Lakini sinema yapita upesi. Mwishoni wote wanakula meza moja, Scott na Paxton wamepatana, na sisimizi mkubwa yuko chini ya meza. Hatari ya siku moja imeponya yote! Juu ya kifungo cha ndoa kilichokatwa, hakuna neno.

Nyumbani kwetu hakuna vazi la ajabu. Papa Francisko, katika waraka Amoris Laetitia wa mwaka 2016, aliwaonya wazazi waliotengana wasimfanye mtoto kuwa mateka. Basi wewe uliyeachana na mwenzako, kabla ya kumsema vibaya, kumbuka kwamba kuna masikio nyuma ya mlango. Jipunguze. Kwa mtoto wako, huo ndio ushujaa.