Ulimi wa Mmoro: Uhakiki wa Mchezo wa Vita wa Alcoy

Katika kurasa hizi tumezoea kuhakiki tamthilia zilizokwisha kupigwa chapa. Safari hii twawaomba radhi wasomaji, maana tamthilia tunayotaka kuihakiki haina mtunzi mmoja, haina pazia, na waigizaji wake ni maelfu ya watu wazima ambao siku nyingine zote za mwaka ni mafundi, makarani na wenye maduka. Kwa desturi huchezwa tarehe 22, 23 na 24 Aprili katika Alcoy, mji wa milimani ulioko mkoa wa Alicante, mashariki ya Hispania. Jina lake ni Wamoro na Wakristo.

Neno hilo Wamoro lisitupite hivi hivi. Wahispania na Wareno waliwaita hivyo Waislamu wa Afrika ya Kaskazini na wale wa Hispania yenyewe. Na Wareno walipofika pwani ya Afrika ya Mashariki mwaka 1498, waliwaita watu wa Mombasa na Malindi kwa jina lilo hilo. Kwa hiyo mwalimu wa Kiswahili autazamaye mchezo huu hatazami mambo ya ugenini matupu. Anatazama jinsi jina alilopewa mzee wake linavyovishwa nguo na kupigiwa tarumbeta.

Kisa chenyewe ni kifupi. Mwaka 1276 al-Azraq, bwana wa Kiislamu wa mabonde ya jirani, ambaye alikuwa amepigana na mfalme Jaume wa Kwanza wa Aragon kwa miaka mingi hata akafukuzwa nchini, alirejea akaushambulia Alcoy, mji mchanga ambao Wakristo walikuwa wameuanzisha miaka 20 tu nyuma, mwaka 1256. Akauawa mbele ya ukuta. Wenyeji husimulia kwamba Mtakatifu Jorji alitokea juu ya ukuta akiwa amepanda farasi, akawamiminia adui mishale, na Waislamu walipomwona wakapiga kelele: «Wali!» Msomaji wetu hahitaji kamusi hapo. Ni walii yule yule tumjuaye sisi. Mfalme Jaume naye hakukaa sana. Alifariki mwezi wa Julai mwaka ule ule.

Wanaouigiza ushindi huo wamejipanga katika vyama 28 viitwavyo kwa lugha ya huko filà: 14 vya Wamoro na 14 vya Wakristo. Mtu hachaguliwi kwa dini yake wala kwa asili yake. Huingia chama alichoingia baba yake, au cha rafiki zake, au kile ambacho mavazi yake yamempendeza. Majina ya vyama ni somo peke yake. Upande wa Wamoro wamo Waberberi na Wamarini, ambao ni watu wa historia ya kweli ya Afrika ya Kaskazini. Lakini wamo pia Wayahudi, na kipo chama kiitwacho Llana, yaani Sufu, kwa kuwa Alcoy ni mji wa viwanda vya nguo na karatasi. Upande wa Wakristo wapo Wabaski, Waandalusi, hata Wakulima. Kila mwaka chama kimoja cha kila upande hutoa kapteni, na zamu huzunguka hata chama kikarudiwa baada ya miaka 14. Gharama za ukapteni ni kubwa mno, na hapo ndipo mhakiki anapoanza kuuliza sanaa hii ni ya nani. Alcoy ni mji ambao wafanyakazi wake waliasi mwezi wa Julai mwaka 1873, wakamwua meya na kuushika mji kwa siku chache. Mji kama huo haukosi kujua tofauti ya tajiri na mvuja jasho. Hata hivyo mchezo wenyewe wamweka mwenye mali juu ya farasi, akitanguliwa na wachezaji na kufuatwa na magari ya mapambo, naye asiye nacho amesimama kando ya njia akipiga makofi.

Walimu wengi watakuwa wamekwisha kukumbuka beni. Naam, mfano ni wa karibu sana. Beni iliyoanza Lamu na Mombasa katika miaka ya 1890 ikaenea bara hata katika miji ya mbali ilikuwa na vyeo vya kijeshi, sare, matarumbeta, mashindano ya vyama viwili, na gharama za kuwatia watu katika madeni. Marini na Arinoti wangalipelekwa Alcoy wasingalipata taabu kuelewa kinachotendeka. Lakini ipo tofauti moja. Wachezaji wa beni walivaa nguo za aliyewatawala: manowari yake, kofia yake, vyeo vyake. Watu wa Alcoy wanavaa nguo za waliyemshinda na kumtoa nchini. Vitendo hivi viwili vyafanana kwa nje tu. Anayemwigiza bwana wake humwigiza mtu aliyepo, awezaye kumwona, kucheka au kukasirika. Anayemwigiza aliyefukuzwa hana wa kumjibu.

Tarehe zenyewe zathibitisha hayo. Mwezi wa Septemba mwaka 1609 ilitangazwa amri ya kuwafukuza kutoka ufalme wa Valencia wazao wote wa Waislamu waliokuwa wamelazimishwa kubatizwa. Zaidi ya watu laki moja walitiwa merikebuni wakapelekwa Afrika ya Kaskazini, na mashamba ya mabonde yale yale ya al-Azraq yakabaki mahame. Maelezo ya zamani tuliyonayo ya watu wa Alcoy waliojigawa kuwa Wamoro na Wakristo katika sikukuu yao ni ya mwaka 1668. Kwa maneno mengine, Mmoro wa mchezo twamwona waziwazi wakati ambapo Mmoro wa kweli hayupo tena sokoni wala shambani. Hatusemi kwamba waliobuni sikukuu hii walikusudia kejeli. Twasema tu kwamba nafasi ilikuwa tupu, nao wakaijaza.

Kwa upande wa fani, hatuna budi kusifu. Kuingia kwa majeshi tarehe 22, Wakristo asubuhi na Wamoro alasiri, ni kazi ya sanaa iliyokomaa. Safu ya watu kama kumi husimama bega kwa bega, na mbele yao kiongozi mmoja mwenye silaha, ambaye huwaongoza kwa macho na mkono bila kusema neno. Safu ya Wamoro haitembei, yayumba. Hatua yake ni nzito, ya pole, kama mawimbi ya maji mazito, na muziki wake umetungwa kwa ajili hiyo hasa. Mwaka 1907 Antonio Pérez Verdú alitunga «A-Ben-Amet», ambao huhesabiwa kuwa wa kwanza wa namna hiyo ya muziki wa kutembelea Wamoro. Wakristo walingoja hata mwaka 1958, Amando Blanquer alipowatungia «Aleluya». Kwa nusu karne basi aliyeshindwa vitani ndiye aliyekuwa na ngoma yake mwenyewe, na mshindi hana. Mtazamaji yeyote ataona pia kwamba mavazi ya Wamoro ndiyo yenye fahari zaidi.

Wapo wasomi watakaolalamika kwamba katika vita vya mwaka 1276 watu hawa hufyatua bunduki, na siku ya tatu mji mzima hujaa moshi wa baruti. Ni kweli kwamba karne ya 13 mabonde yale hayakujua bunduki. Lakini sisi hatuoni kosa hapo. Bunduki zimeingia kwa sababu sikukuu ilipokuwa ikikua, waliokuwa wakiandamana walikuwa askari wa mji wenye silaha za wakati wao. Mchezo wa jadi hubeba alama za kila zama ulizopitia, kama utenzi unavyobeba maneno ya kila mnakili. Anayetaka karne ya 13 safi na aende makumbusho.

Lawama yetu iko kwingine, na ndiyo iliyotufanya tushike kalamu. Asubuhi ya tarehe 24, mbele ya ngome ya mbao iliyojengwa katika uwanja wa mji, mpanda farasi wa Kimoro huja mbio na barua. Barua hupokelewa, kisha huchanwa. Baadaye huja balozi wa Wamoro, akasimama chini ya ngome na kudai mji kwa mashairi marefu. Mkristo humjibu kutoka juu. Wasipopatana baruti huanza na Wamoro wakaitwaa ngome. Alasiri mambo hugeuka, balozi wa Kikristo hudai, na ngome hurudi. Jioni mtoto aliyevikwa mavazi ya Mtakatifu Jorji hutokea juu ya ngome akirusha mishale. Mashairi ya mabalozi, yaliyotungwa katika karne ya 19, yana ufasaha na yana hasira ya kweli. Lakini yote ni ya Kikastilia. Mmoro hunena Kikastilia, Mkristo hujibu kwa Kikastilia, na Kivalencia, lugha ya nyumbani ya wengi wa mji huo, chabaki uwanjani miongoni mwa watazamaji. Kiarabu hakimo. Al-Azraq amepewa kilemba, ngamia, ngoma na heshima, ulimi amenyimwa.

Yawezekana msomaji akauliza: je, ni tamthilia gani isiyofanya hivyo? Swali ni la haki, na jawabu lake liko nyumbani kwetu. Chuo cha Herekali, utenzi wa Tambuka uliotungwa Pate na Mwengo wa Athumani mwaka 1728, nao wasimulia vita vya Waislamu na Wakristo, na ndani yake mfalme wa Rumi hunena Kiswahili fasaha pasipo mkalimani. Hakuna mwalimu aliyemlaumu Mwengo kwa hilo. Lakini Mwengo alikuwa akisimulia nchi ambayo Pate haikupata kuiona, wala Pate haikumfukuza Mrumi yeyote kutoka shamba lake. Tena mshairi mmoja hawezi kuwa na ndimi mbili katika ubeti wa mizani nane. Alcoy lina mabalozi wawili, waigizaji wawili, na midomo miwili.

Tena Alcoy lina hati. Katika hifadhi ya nyaraka za ufalme wa Aragon mjini Barcelona umo mkataba wa mwaka 1245 baina ya al-Azraq huyu huyu na Alfonso, mwana wa mfalme Jaume. Umeandikwa kwa lugha mbili juu ya ngozi moja, mistari ya Kikastilia ikiwa imepishana na mistari ya Kiarabu. Wataalamu Robert Burns na Paul Chevedden, waliouchapisha pamoja na uchambuzi wao mwaka 1999, walionyesha kwamba lugha hizo mbili hazisemi jambo moja. Kwa Kikastilia al-Azraq anakuwa mtu wa Alfonso, aliye chini ya utii wake. Kwa Kiarabu hakuna utii huo; yapo mapatano ya muda, miaka mitatu, baina ya watu wawili wenye enzi zao. Kila mmoja aliweza kurudi kwa watu wake na kuwasomea mstari wake bila kusema uongo. Miaka michache baadaye walikuwa wakiuana.

Mwalimu wa lugha hahitaji kuelezwa uzito wa ngozi hiyo. Hapo ndipo penye tamthilia! Mabalozi wawili, kila mmoja na ulimi wake, na katikati mkalimani anayejua kwamba mistari haipatani na amenyamaza. Badala yake uwanjani kila mwaka barua ya Mmoro huchanwa vipande, ilhali ile ya kweli imedumu karibu miaka 800 bila kuchanwa na mtu.

Kuna mengine tusiyoweza kuyafumbia macho. Baadhi ya safu za Wamoro hujipaka weusi usoni ili ziitwe safu za watu weusi, na mji huo huo hufanya vivyo hivyo mwezi wa Januari katika maandamano ya Mamajusi. Wenyeji hujitetea kwamba ni upendo na desturi. Sisi tulio na ngozi hiyo isiyooshwa jioni twaona desturi ikibanduka ikibaki rangi tu. Kwa miaka mingi pia wanawake walizuiwa kuingia safu rasmi, wakaambiwa kwamba vita vya mwaka 1276 vilikuwa vya wanaume, jawabu la ajabu kutoka kwa watu waliokubali bunduki. Hata hivyo mambo hayakusimama. Katika Bocairent, mji usio mbali na Alcoy, ilikuwapo desturi ya kukilipua kwa baruti kichwa cha sanamu kubwa iliyopewa jina la Mtume Muhammad; waliiacha mwaka 2006, na sikukuu haikufa.

Walimu wenzetu wanaotayarisha michezo ya historia na wanafunzi, hasa sisi wa nchi hizi ambako Kiswahili ni lugha ya pili ya mtoto, tutazame michezo yetu wenyewe kabla ya kucheka. Katika mashindano ya shule Mreno na Mjerumani huletwa jukwaani mara kwa mara, na karibu kila mara hupewa kofia, fimbo na Kiswahili kilichovunjika: «Wewe naleta kodi!» Ukumbi huangua kicheko. Kichekesho hicho kina haki yake, kwa kuwa aliyetawaliwa hana silaha nyingi. Lakini tukilinganisha, Mmoro wa Alcoy, pamoja na kunyang'anywa Kiarabu chake, hunena lugha ya adui kwa ufasaha usiopungua ule wa adui, na hakuna amchekaye. Adui yetu wa jukwaani hajui kusema, na kwa hiyo mwanafunzi anatoka ukumbini bila kujua mtu huyo alitaka nini hasa, aliahidi nini, na mkataba alioutia sahihi kwa Kijerumani ulisomwaje kwa Kiswahili na mkalimani aliyekuwa amesimama kati yao.